Mizigo ya Hema Juu ya Pikipiki

Watu wengi wakisikia habari za safari ya pikipiki huuliza kwanza habari za mashine: ina nguvu gani, nayo hula petroli kiasi gani. Ni wachache waulizao habari za mizigo. Walakini sisi tulio na desturi ya kusafiri pamoja na kulala hemani shule zifungwapo, tumeona ya kuwa safari hutengenea au huharibika nyumbani, siku ile ya kufunga mizigo.

Tutwae mfano wa njia itokayo Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, ikapanda hata Matamba, karibu na uwanda wa Kitulo. Ni njia ya udongo, nayo huitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya hesabu ya kona zake. Uwanda ule, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko juu kadiri ya meta 2,600, na maua yake huchanua wakati wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Basi atakaye kuyaona hana budi kuvumilia mvua na baridi, na kupanda mlima mkali pamoja na mizigo yake.

Mlima huo ndio mwalimu wa kufunga mizigo. Kitu kizito kikiwekwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani haumtii mwendeshaji penye kona. Kwa hiyo maji, spana na vyakula hukaa chini, karibu na kiti, uzito sawasawa kuume na kushoto. Nguo na mifuko ya kulalia huweza kukaa nyuma na juu. Hema hufungwa mwisho, juu ya vyote, ili mvua ikinyesha jioni lipatikane kwanza. Mifuko isiguse bomba la moshi, isije ikaungua. Na ncha ya kamba isiachwe ikining'inia, maana ikinaswa na mnyororo yaweza kumwangusha mtu. Tena baada ya kilometa chache yafaa kusimama na kukaza kamba upya, kwa kuwa mizigo hujishindilia njiani.

Lakini jambo gumu kuliko kufunga ni kuacha. Wazee walisema akiba haiozi, nasi twakubali. Ila juu ya pikipiki akiba haikosi uzito. Lita 10 za maji ni kilo 10, wala hakuna methali ya kuzipunguza. Desturi yetu ni kutandaza vitu vyote juu ya mkeka na kukiuliza kimoja kimoja: Usipokuwapo wewe, tutapatwa na nini? Kisichokuwa na jibu hurudi kabatini.

Hapo ndipo mashauri huwa makali. Mmoja wetu hupenda kila mtu achukue hema lake, jiko lake na pampu yake, asimtegemee mtu. Mwingine husema, kwa nini tupandishe majiko mawili mlimani, nasi tutakula sufuria moja? Tulishindana sana, mpaka tukapata kanuni. Vile ambavyo mtu akivikosa akiwa peke yake njiani aweza kupoteza maisha, kila mtu achukue vyake: maji ya kunywa, koti la mvua, nguo ya joto, dawa na taa. Vingine vyote twagawana: huyu hema, yule jiko, huyu pampu, yule viraka.

Kanuni hiyo ina gharama yake. Mwenye hema hawezi kumwacha nyuma mwenye jiko. Aliye mwepesi wa mwendo humngoja mwenzake penye kila njia panda, hata mvuani. Na wakigombana mchana, jioni hawana budi kupatana, kwa sababu unga uko kwa mmoja na sufuria iko kwa mwingine. Wako wasiopenda kufungamana hivi. Hao na wachukue vyao vyote, nao mlima utawatoza ushuru wake.

Sisi twaona ni afadhali mzigo mwepesi na mwenzi wa kungojewa. Basi ninyi mtakaosafiri likizo ijayo, kabla ya kujaribu kamba zenu, jaribuni kwanza urafiki wenu: je, yule mtakayempa hema atakuwapo magharibi ifikapo?