Pikapu ya Kuvutwa

Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2018 nina kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika riwaya, hiyo hainilipi. Ya pili ni ukarani kwenye lori la baba mdogo, hiyo inanilipa akikumbuka. Tunanunua maharage na mahindi Titye na vijiji vya jirani. Msimu ukikolea, lori ndiyo nyumba yetu: jiko la mkaa chini ya bodi, godoro juu ya magunia, chandarua kimefungwa kwenye mabomba ya turubai. Wiki tatu, nne, tunaishi hivyo.

Ubaya wa nyumba hii ni unene. Haiingii mabondeni. Ndipo baba mdogo akaamua tutafute pikapu ya kuvutwa na lori. Tukifika, lori litulie barabarani, pikapu ikafuate magunia. Utauliza kwa nini isiendeshwe tu. Dereva ni yeye peke yake, na mafuta ya magari mawili hana.

"Wewe ndiye msomi, chagua," akaniambia.

Msomi wa magari, mimi! Niliyoyajua kuhusu magari niliyasoma kwa Ben Mtobwa, na Joram Kiango wake simkumbuki akisukuma gari kwenye tope la Kasulu. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, nikamwamkia, nikafungua daftari.

"Dogo, otomatiki achana nayo," akasema. "Ukiivuta injini imezimwa, oili haizunguki, giaboksi inaungua. Chukua yenye klachi. Na hata hiyo, safari ikiwa ndefu fungua propela. Utapoteza nusu saa, utaokoa giaboksi."

Baba mdogo alitaka Land Rover ya zamani, kwa heshima tu nadhani. Fundi akacheka. Mteremkoni, alisema, si lori linaloivuta pikapu, ni pikapu inayolisukuma lori, nunua nyepesi. Tukapata Hilux ya dizeli, injini ya 3L, cc 2779. Bodi ilikuwa imechoka kweli kweli. Nikatambaa chini, nikaigonga chasi kwa spana pote kama nilivyofundishwa, nikisikiliza penye kutu. Ilikuwa nzima.

Pesa ikaishia hapo.

"Kamba ipo," akasema baba mdogo.

Kamba ikivuta, lazima mtu akae kwenye pikapu akamate usukani na breki. Akakaa utingo wetu, kijana ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli yenye breki nzima. Mimi niliona, nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kuonekana mjuaji. Mteremko wa kwanza, lori likapunguza mwendo, pikapu haikupunguza. Ikajibamiza nyuma ya lori. Kijana wa watu alitoka ameshika mdomo, damu inapita vidoleni. Meno mawili.

Usiku ule sikulala. Ndani ya mfuko wa rambo nilikuwa na mswada wangu, kurasa 212 za mkono, pamoja na shilingi 280,000 za kuuchapisha na kuufunga vizuri nimpelekee mchapishaji. Asubuhi nikampa baba mdogo zile pesa. Akaziangalia muda mrefu. "Za kitabu hizi?" Nikasema ndiyo.

Fundi akatuchomea chuma cha pembetatu, ncha mbili zikakazwa kwenye chasi, si kwenye bampa. Chini yake minyororo miwili imepishana, ili chuma kikikatika kisichimbe ardhi. Akavuta waya, lori likishika breki taa za pikapu ziwake. Ufunguo unaachwa pale usukani usipojifunga, na hakuna anayekaa ndani. Kurudi nyuma marufuku: pikapu inajikunja, chuma kinapinda. Ukikosea njia, shuka, fungua, geuza.

Safari iliyofuata nilikaa upande wa kioo cha kushoto. Kila kona naiona Hilux inakuja nyuma, kiti cha dereva kitupu, usukani unazunguka wenyewe. Utingo alikuwa katikati yetu, bado anatafuna ugali kwa upande mmoja. Akaniuliza kama kwenye riwaya yangu yumo.

Nikamwambia hayumo. Nimeanza upya sura ya 3.