Biashara Haigombi, Hata Ikiwa Simuni

Wahenga walinena kwamba biashara haigombi. Walinena hayo zama ambapo muuzaji na mnunuzi walisimama uso kwa uso, bidhaa ikiwa katikati yao. Siku hizi muuzaji aweza kuwa Bwera na mnunuzi Kasese, na kati yao kuna simu tu. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo methali imezeeka. Kisa cha mama mmoja wa Bwera, mke wa askari polisi, chaonyesha kuwa haijazeeka hata kidogo.

Mama huyo alianza kuuza vitenge mwaka 2019. Bwera ni jirani na mpaka wa Mpondwe. Ukivuka mto Lhubiriha umefika Kasindi, nchi ya Kongo, na Kiswahili ni lugha ya kupatania bei pande zote mbili. Alivuka kwa miguu, akachagua vitenge vichache vya yadi 6, akavipiga picha na kuziweka katika ukurasa wake wa Facebook. Mteja wa Kasese alipopendezwa alituma pesa kwa simu, na kifurushi kikapelekwa na dereva wa teksi kwa njia ya Kikorongo. Mshahara wa mumewe ulilisha nyumba. Vitenge vililipa karo ya watoto.

Kosa lake la kwanza lilikuwa dogo. Hakuandika bei. Mwenye haja alitakiwa aulize kwa faragha, naye aliuona huo kuwa werevu wa kuwaficha washindani. Kumbe mnunuzi asiyeonyeshwa bei hushuku kwamba bei hupangwa kwa kutazama mfuko wake. Wengi walitazama, wakapita.

Kosa la pili liliigusa kazi ya mumewe. Siku moja alianika kitenge kizuri kwenye kamba nje ya nyumba yao kambini, akakipiga picha. Nyuma yake gwanda la mumewe lilionekana waziwazi, na sehemu ya kambi pia. Chini ya picha akaandika kwamba baba hayupo, yuko kazini mwezi mzima, kwa hivyo wateja waje saa yoyote. Mumewe aliporudi aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

“Mama watoto,” akasema taratibu, “umeuza kitenge, au umeuza kambi?”

Picha iliondolewa usiku uleule. Lakini ni nani awezaye kujua ilikwisha kuonwa na wangapi, na ni akina nani? Yafaa kila nyumba ya askari ikumbuke kwamba sare, kambi na zamu ya mzee wa nyumba si mapambo ya tangazo, hasa katika mji wa mpakani.

Kosa kubwa lilikuja mwaka 2020. Mwezi Machi, kwa ajili ya korona, Uganda iliwafungia wasafiri mipaka yake. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, bali mwenye kuvuka kwa miguu na vitenge vyake kichwani alizuiwa. Mama alichelea kusahauliwa na wateja. Basi akachukua picha za vitenge vya mfanyabiashara mwingine, akaziweka kama kwamba ni vyake. Mshonaji mmoja wa Kasese, aliyekuwa amemwahidi bibi harusi nguo, alilipia vinne vya sampuli moja. Vilivyomfikia ni vingine, vya rangi nyingine.

Mshonaji alilalamika mbele ya watu wote waliousoma ukurasa ule. Badala ya kuomba radhi, mama alimjibu usiku kwa matusi. Asubuhi wateja walikuwa wamekwisha kuyasoma. Hakuna aliyemgombeza, walinyamaza tu, wala hawakuagiza tena.

Kisha likaja pigo ambalo hakulitazamia. Januari 2021, siku za uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini, na intaneti yote ikazimwa kwa muda wa siku 5 hivi. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Picha zake, majina ya wateja wake, hata mahali pa kuombea radhi, vyote vilikuwa upande wa pili wa mlango uliofungwa. Hapo ndipo alipoionja ile methali nyingine: mali bila daftari huisha bila habari.

Alinunua daftari la shule. Akafungua jumbe za malipo zilizobaki katika simu, akazisoma moja moja, akanakili jina na namba ya kila aliyepata kumtumia pesa. Jina la mshonaji lilipotokea, kalamu ilisita. Juma lile akapanda teksi hadi Kasese.

“Dada,” alisema akiwa amesimama mlangoni, “nimeleta pesa zako, na nimekuja kukuomba radhi.”

Mshonaji alizihesabu pesa. “Hizi nimezipokea,” akajibu. “Hayo mengine, wakati utasema.”

Ilipita miezi mingi kabla ya wakati kusema. Katika muda huo mama alibadili desturi zake. Kwa njia ya WhatsApp huwatumia wale tu waliokubali kutumiwa. Hapeleki picha ishirini kwa siku, kwani mteja naye hununua data, ambayo tangu Julai 2021 ilitozwa ushuru wa asilimia 12. Hupiga picha moja, ya kitenge alichonacho mkononi, mchana, nyuma pakiwa na ukuta mtupu. Huandika bei na yadi. Kikiisha, huandika kwamba kimekwisha. Akilaumiwa, hupiga simu na kuzungumza. Hajibu lawama kwa maandishi hasira ikiwa bado moto.

Siku moja simu ililia. Alikuwa mshonaji, akiulizia vitenge viwili. Mama angeweza kusema vipo, kisha avitafute baadaye. Akajibu kwamba kimoja kipo, cha pili hakipo.

“Basi niletee hicho kimoja,” akasema mshonaji.

Mama alilifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika jina, na mbele yake akaandika: kitenge kimoja.