Deni la Mzee Sydney

Kuna wema usiotoka katika moyo mweupe, bali hutoka katika deni. Mtu hutenda jema, akashukuriwa na kuombewa dua, ilhali mwenyewe ajua kwamba alichotoa ni sehemu ndogo ya alichonyang'anya. Je, jema la namna hiyo tuliite jema? Swali hili ni langu tangu zamani, wala sikupata kuliona limeulizwa kwa makini kama katika filamu ya kwanza ya Paul Thomas Anderson, Mmarekani ambaye baadaye alijipatia sifa kubwa kwa kazi kama Boogie Nights ya 1997 na There Will Be Blood ya 2007.

Filamu hiyo ya kwanza huitwa Hard Eight. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1996, naye alikuwa kijana wa miaka 25. Mwenyewe aliiita Sydney, kwa jina la mhusika wake mkuu. Kampuni iliyotoa fedha iliikata upya na kuibadili jina, ikachagua jina la pigo la kamari, yaani dadu mbili zinapoanguka nne kwa nne. Kijana alishindana nayo, na mwisho picha iliyotolewa ikawa ile aliyoipanga yeye, jina halikurudi. Nalisikitikia jina hilo, maana kiini cha habari si dadu. Kiini ni mzee.

Mzee huyo alichezwa na Philip Baker Hall, aliyefariki mwaka 2022, mtu mwenye uso uliochoka na sauti ya kuamuru. Amkuta kijana aitwaye John ameketi chini nje ya mkahawa, kando ya njia kuu, mifuko mitupu. John alikwenda Las Vegas kutafuta dola 6,000 za kumzika mama yake, akapoteza hata alichokuwa nacho. Mzee ampa sigara na kahawa, kisha arudi naye Las Vegas na kumfundisha kubadili fedha kidogo kwa vipande vya kamari, na vipande kwa fedha, tena na tena, mpaka wenye nyumba wamdhanie mchezaji mkubwa na kumpa chumba cha kulala bure. Miaka miwili baadaye wako Reno, katika jimbo la Nevada, na John humfuata mzee kama kivuli. Aoa mwanamke, aingia katika mashaka ya fedha na fujo, na mzee ndiye amtoaye.

Kwa nini? Filamu yakawia kusema. Ndipo Jimmy, rafiki wa John, amtolea mzee bastola na kumweleza alichokisikia: kwamba zamani, huko Atlantic City, Sydney alimwua baba yake John. Ataka dola 10,000 ili afunge kinywa.

Hapo ndipo niliposimamisha picha. Mimi nami nililipiwa karo na mzee wa mtaani kwetu asiye jamaa yangu, tangu darasa la tano hadi nilipomaliza masomo. Alikuja kila mwanzo wa muhula na bahasha, akakataa kuketi, akaondoka. Mama alimpokea kwa heshima isiyo na furaha, nami nilidhani ni haya ya maskini. Alipokwisha zikwa, ami yangu aliniambia kwamba shamba la minazi la marehemu baba liliingia mikononi mwa mzee yule kwa hati ambayo baba hakuitia sahihi. Mama alijua. Alizipokea zile bahasha kwa kujua, na hilo lanishangaza kuliko dhuluma yenyewe.

Wenzangu niliowasimulia husema kwamba basi hapakuwa na wema, palikuwa na malipo. Siwezi kukubali upesi. Sydney amwambia John kwa simu kwamba ampenda kama mwanawe, na mtazamaji hana sababu ya kudhani asema uongo. Deni lilimleta kwa kijana. Mapenzi yakamkuta huko huko. Kinachomhukumu ni kimya chake. Angaliweza kumwachia John haki ya kuchukia au kusamehe, lakini amkata haki hiyo, na ili kimya kidumu inambidi aue tena. Ampa Jimmy dola 6,000, hesabu ile ile ya maziko ya mama, kisha amvizia nyumbani kwake, amwua, na kuzitwaa fedha. Baba wa kijana, kisha rafiki wa kijana: wote kwa mkono ule ule uliomnunulia kahawa.

Mzee wetu hakuua mtu. Lakini yeye pia alikataa kuketi, na sasa nadhani aliogopa kuulizwa.

Mwishoni Sydney yumo mkahawani tena, peke yake. Aona damu kwenye ncha ya mkono wa shati lake. Hashtuki wala hatazami huku na huku. Avuta mkono wa koti, damu ikafunikwa.