Subira ya Watafutao Ndege wa Njombe

Msafiri atokaye Makambako kwa njia ya Songea hupanda kidogo kidogo hata akaingia Njombe, mji wa baridi katika nchi ya Wabena. Na akizidi kwenda kusini hufika Kifanya. Milima ya nchi hiyo ni ya mviringo, na asubuhi hufunikwa na ukungu. Sisi tulio wengi hupita tukitazama mashamba ya mahindi na viazi, basi. Walakini wako watu waachao starehe zao katika nchi za mbali, wakaja kuketi katika majani yaliyolowa umande tangu alfajiri, darubini machoni, kwa ajili ya ndege asiyefikia uzito wa yai la kuku.

Ndege huyo ni mbayuwayu buluu. Rangi yake imekoza na hung'aa juani, na mkia wake una nyuzi mbili ndefu, za dume zikizidi za jike. Huja nyanda za juu za kusini kuzaa wakati wa mvua. Kisha huhama kwenda Uganda, magharibi ya Kenya na pande za Kongo. Kiota chake cha udongo na majani hakijengwi mtini, bali ndani ya shimo la ardhini. Basi mtafutaji afanyeje? Kumkimbilia ndege arukaye kasi hawezi. Hukaa mbali, akangoja mpaka amwone akirudi mara ya pili na ya tatu mahali pale pale. Akikaribia kwa pupa, humtia hofu mama na kuyaponza makinda.

Subira ya namna nyingine ni ya sikio. Katika majani hayo hayo huishi kidenenda wa Njombe, ndege mdogo wa rangi ya udongo. Jamaa zake katika Afrika ni wengi, nao hufanana mno, hata mara nyingi mtu hawapambanui mpaka asikilize sauti zao na kuangalia makazi yao. Hubert Lynes, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, alishughulika na videnenda miaka mingi. Mwaka 1930 akatoa kitabu kikubwa juu yao, na mwaka 1933 akamwandika huyu kwa jina la kitaalamu lenye neno Njombe ndani yake. Hivyo jina la mji wetu wasomwa na wataalamu wa dunia nzima kwa sababu ya kindege ambacho wapita njia hawakitazami mara mbili.

Tena kuna habari ya milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona katika chungu cha chakula kambini miguu ya ndege wasiyemtambua. Wangeweza kula na kusahau. Wao waliuliza, wakaingia msituni kumtafuta aliye hai, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa kwale mpya, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Kwa mpishi alikuwa kitoweo. Kwa elimu ya dunia hakuwa hata na jina.

Vijana wetu wanaijua habari ya Hud-hud na Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake. Ndege alileta habari ya Sabaa, na Nabii hakuipokea wala kuikataa mpaka kwanza aichunguze. Ndivyo ilivyo sharti ya kazi hii: mtu akikosa kuona, aandike kuwa hakuona, hata kama alisafiri mwezi mzima. Uwongo mmoja wa kujisifu huharibu daftari lote.

Na daftari hizo zina kazi kubwa. Mbayuwayu buluu anapungua kwa kuwa nyika za majani zinapungua. Tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa Njombe mwaka 1949, miwati, misonobari na chai vimetwaa vilima vingi. Hatulaumu; miti hiyo imewapa watu ada za skuli na mabati ya nyumba. Lakini ndege huyu hawindi wadudu wake chini ya misonobari, na watu huona nyika kuwa ardhi isiyo na kazi. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, imelinda eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Nje yake, atakayetaka kuacha bonde moja bila kulimwa lazima kwanza ajulishwe kwamba ndani yake mna viota.

Enyi wazazi, mtoto anayeweza kukaa saa nzima na manati akimvizia ndege, subira anayo tayari. Mnyang'anyeni manati, mpeni daftari na kalamu. Aandike siku, mahali na ndege aliyemwona, wala asizidishe hata mmoja.