Nyanya, kitufe cha 3 na bili ya maji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na si kwa uvivu. Nilikuwa Lukenya nikirekebisha kosa langu mwenyewe, na nimeona heri nilieleze hapa kabla mwenzangu hajalirudia.

Nyuma ya kile kilima ambacho wapandaji miamba wa Nairobi hukiparamia wikendi, kuna majirani wanaochangia kisima kimoja. Kila nyumba ina mita. Zamani kijana mmoja alizisoma akizunguka kwa pikipiki. Alipopata kazi Athi River, kamati ya maji iliniuliza kama kompyuta inaweza kumrithi. Mimi na shahada yangu nikajibu kuwa hiyo ni kazi ya jioni mbili! Mwanachama apige simu, abonyeze tarakimu tano za mita, akate. Wengi wana kabambe na wazee hawapendi kuandika ujumbe, kwa hiyo sauti ilifaa.

Nilitumia Asterisk, programu huria ya simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Kompyuta kuukuu, kisanduku kinachopokea laini ya simu ya mkononi na kugeuza maongezi kuwa pakiti za intaneti, basi. Amri inayokusanya tarakimu inaitwa Read. Unaiambia icheze sauti gani, ipokee tarakimu ngapi na isubiri sekunde ngapi. Nikaandika tano. Ikumbukeni hiyo tano.

Kuna nyanya mmoja (si wangu, ila ni rika lake) ambaye mita yake ilisoma 00318. Mwezi uliotangulia ilikuwa 00309, yaani alitumia uniti 9. Programu yangu iliandika 00331. Akaletewa bili ya uniti 22, akalipa bila neno. Mwezi uliofuata akatuma 00327, namba sahihi kabisa, na programu ikaona mita imerudi nyuma. Kwa hali hiyo nilikuwa nimeandika, usiku mmoja nikisinzia, ujumbe huu: "Mita imechezewa." Kamati ikaenda, ikaona 327 kwenye mita na 331 kwenye kompyuta, ikaamini kompyuta. Wakamfungia maji. Kwa siku tisa alinunua maji ya mkokoteni.

Nilipofika kwake hakunikaripia. "Mjukuu wangu," alisema, "labda ni vidole vyangu, vimezeeka."

Nikamwomba abonyeze tena 00318 huku nikitazama seva kwenye laptopu. Alikandamiza kila kitufe na kukishikilia, kama karani anayegonga muhuri. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, skrini ikaandika 0, 0, 3, 3, 1.

Kila kitufe ni mlio wa masafa mawili kwa pamoja, mtindo ulioletwa na kampuni ya Bell huko Marekani mwaka 1963. Cha 3 ni hezi 697 na 1477. Kwenye simu ya mkononi, simu yenyewe haipigi mlio huo. Huuambia mtandao "kimeshikwa", kisha "kimeachwa", na mtandao ndio unaopiga mlio katikati. Ukishikilia sana, mlio unarefuka. Sauti hiyo husafiri hewani kwa vipande vya milisekunde 20, na nyuma ya kilima, mtandao ukiwa dhaifu, vipande hupotea. Kisanduku chetu kiliacha milio ndani ya sauti, kwa hiyo Asterisk ndiyo iliyoitambua, ikisikiliza kwa vijisehemu vya milisekunde 12.75. Vitatu vikipita bila mlio, takriban milisekunde 38, inaamua kuwa kitufe kimeachwa. Shimo la vipande viwili ni milisekunde 40. Mlio mmoja mrefu unakuwa vitufe viwili!

Vijana wanaogusagusa vitufe haraka hawakupatwa mara nyingi, milio yao ni mifupi. Aliyebonyeza kwa uangalifu ndiye aliyeumia. Na kwa kuwa Read ilifunga mlango kwenye tarakimu ya tano, ile 8 ilibaki nje, na namba ya uongo ikaonekana safi.

Katika faili la dsp.conf nimepandisha dtmf_misses_to_end kutoka 3 hadi 8, yaani kama milisekunde 100. Mwenye kidole chepesi mno anaweza kupoteza tarakimu iliyojirudia, lakini tuliyemjaribu, mpwa wangu mcheza gemu, alishindwa kuidanganya. Read sasa inapokea hadi tarakimu nane na kumalizwa na #, ili ya ziada ijulikane. Muda wa kusubiri ni sekunde 15, maana mita iko nje na simu iko sikioni. Kisha mashine inasoma namba kwa Kikamba na kuomba 1 kama ni sawa, 2 kurudia. Hilo la mwisho ningelifanya siku ya kwanza, bila kujua lolote kuhusu hezi.

Kama laini yenu inatoka moja kwa moja kwa mtoa huduma wa intaneti, tumieni RFC 4733 (ya 2006, iliyorithi 2833): kitufe huja kama data, si kama sauti. Inawekwa kwenye pjsip.conf. Makala nyingi bado zinaelekeza sip.conf, lakini chan_sip iliondolewa katika Asterisk 21, mwaka 2023.

Ule ujumbe nimeufuta. Sasa unasema: "Namba hailingani na ya mwezi uliopita. Mpigie mwenye mita."

Kamati imemrudishia uniti 13. Pesa ya mkokoteni nimeilipa mimi; alikataa, nikaiacha chini ya sahani. Anapiga simu kila mwisho wa mwezi. Mashine ikimsomea namba yake, huijibu kwanza kwa mdomo, kisha ndipo anabonyeza 1.