Maji ya Mfereji na Amana ya Msitu



Katika miji yetu ya pwani, maji ni mazungumzo ya kila nyumba. Mama huamka usiku wa manane kusikiliza iwapo mfereji umeanza kutoa, apate kujaza mapipa kabla haujakatika. Mchuuzi wa mkokoteni hupita na mitungi yake ya lita 20, na bei yake hupanda kadiri kiangazi kinavyozidi kukaza. Tunayalaumu mabomba, tunazilaumu bili, tunawalaumu wahusika. Ni nadra kumsikia mtu akiutaja msitu. Kazi yangu mimi ni huo msitu, na leo ningependa kuwaeleza wasomaji, hasa akina mama na mabinti zetu, kazi hiyo ni ipi na kwa nini naihesabu kuwa ni amana.

Mimi ni mtaalamu wa baiolojia. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifanya kazi katika milima ya Shimba, kaunti ya Kwale, pamoja na wenzangu ambao shughuli yao ni kurejesha uoto wa asili katika ardhi zinazokusanya maji. Maji yanayokunywewa Mombasa hutoka mbali na Mombasa. Mengine hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu hupita chini ya miamba ya volkano kabla ya kuchomoza tena. Mengine hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na mengine katika visima vya Tiwi. Na mengine hutoka Marere, katika milima hii ya Shimba. Marere haiwezi kushindana na Mzima wala Baricho kwa wingi wa maji, lakini tangu enzi ya ukoloni imekuwa ikiteremsha maji yake hadi mjini, na vijiji vingi vya Kwale havina tegemeo jingine ila vijito vya milima hiyo.

Namna milima inavyofanya kazi hiyo ni jambo la kumzidishia mtu imani. Upepo wa bahari huja na unyevu, ukakutana na mwinuko wa Shimba, na alfajiri nyingi ukungu huulaza msitu kabla jua halijachomoza. Mwamba wa milima hii ni wa mchangamchanga, wenye kupitisha maji. Mvua ikinyesha, majani ya juu huipokea kwanza na kuivunja nguvu. Kisha majani makavu yaliyotandazika chini huinywa kama sifongo. Kisha mizizi na wadudu wa udongo huwa wamekwisha kuifungulia njia ya kuteremka. Maji hayo hayakimbii. Huzama polepole na kutoka kwa hesabu, hata mwezi ambao mawingu hayaonekani.

Tuna kipimo kimoja chepesi ambacho hupenda kuwaonyesha wageni. Tunagongomea pete pana ya chuma ardhini, tunamimina maji ndani yake, na kutazama saa. Chini ya miti ya asili, maji huzama tukiwa bado twamimina. Katika udongo uliokatwa miti na kukanyagwa na ng'ombe na magari, maji hubaki yakimetameta kama yaliyo ndani ya sinia. Huhitaji shahada kuelewa maana yake. Mvua ikinyesha pale, yote itakimbilia bondeni na kuchukua udongo. Na miezi ya kiangazi, chemchemi haitakuwa na akiba ya kutoa.

Ardhi hii si ya mtu binafsi. Msitu wa Shimba ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, na sehemu yake kubwa ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeyahesabu maeneo ya vyanzo vya maji, misitu ya serikali na hifadhi za wanyama kuwa ni ardhi ya umma. Lakini kwetu neno umma limeingiwa na ila. Mtu akisema kitu ni cha umma, mara nyingi humaanisha hakina mwenyewe, basi kila mwenye nguvu na achukue. Maana yake ni kinyume cha hivyo: wenyewe ni wengi, na wengi kati yao hawajazaliwa bado.

Watu wengi hudhani kurejesha msitu ni kupanda miti tu. Kupanda ni sehemu ndogo. Kwanza hutazama kilichoharibu. Yapo mashamba ya misonobari yaliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao, ambayo chini yake majani yake kama sindano hutanda na miche ya asili huota kwa taabu. Kipo kichaka cha lantana, chenye asili ya Amerika, ambacho huziba kila uwazi. Hata mwarobaini tunaousifu kwa dawa, asili yake ni Bara Hindi. Ndege hula matunda yake na kuzichukua mbegu hadi ndani ya misitu ya kaya, na huko huota kwa wingi mpaka miti ya wenyeji ikakosa nafasi. Ukiwa uani kwako, mwarobaini ni neema. Ukiwa ndani ya msitu wa asili, tunaung'oa.

Halafu huja makorongo. Tunayakinga kwa mawe na matawi ili udongo utuame. Ndipo tunapotafuta mbegu, na si mbegu yoyote. Mbambakofi, ambao mbao zake zimejenga majahazi yetu, una mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, ngumu kama jiwe. Twaikwangua ganda kidogo ili maji yaingie. Mvule una mbegu ndogo mno, na popo wala matunda ndio wapandaji wake wakuu kuliko sisi. Mti ukishasimama, hondohondo na popo huja kutua juu yake na kuacha mbegu za miti mingine. Hapo kazi huanza kwenda yenyewe, nasi hubaki kulinda.

Na yapo mahali ambapo hatupandi kabisa. Siku moja lilikuja kundi la wanafunzi na walimu wao, wenye nia njema na miche mamia kadhaa, wakitaka kuipanda katika uwanda wa nyasi juu ya milima. Iliwashangaza kuambiwa hapana. Lakini nyasi hizo si msitu uliokatwa. Ni makao ya palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, ambaye katika Kenya nzima hapatikani porini ila Shimba. Ukiufunika uwanda kwa miti, utakuwa umepata picha nzuri ya kupiga na umemnyima mnyama huyo chakula. Wanafunzi tuliwateremsha bondeni, kwenye ukingo wa kijito uliokuwa uchi, na huko miche yao ilikuwa na haja.

Mama yangu hakuifurahia kazi hii mwanzoni. "Mwanangu, umesoma yote hayo ili ukalale na ndovu?" Hofu yake haikuwa ndovu peke yao. Alihofia maneno ya watu juu ya binti anayeshinda porini. Sikumjibu kwa ubishi. Nilimwalika aje aone. Alikuja, akaona kuwa twenda kwa kundi, wanawake na wanaume, kila mmoja na adabu yake. Kwamba buti na suruali pana chini ya kanzu havipingani na stara. Na kwamba hakuna mahali pepesi pa kuswalia adhuhuri kama chini ya mkuyu kando ya maji. Aliporudi, yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza majirani. Nawasihi wazazi: binti akipenda sayansi ya viumbe, msimzuie kwa kuona haya. Elimu ya kujua namna Mwenyezi Mungu alivyoyapanga maji ni elimu yenye heshima.

Lakini jambo lililonifunza zaidi halikutoka kwenye vitabu vya chuo. Upo ukingo wa msitu, juu ya chemchemi inayotumiwa na vijiji viwili, ambako wanawake wa Kidigo wamekuwa wakiokota kuni kwa miaka mingi. Miche ilikuwa haikui pale, udongo umeshikana, na kijito kilikuwa kikikonda kila mwaka. Pendekezo lililoletwa kikaoni lilikuwa kulifunga bonde lote kwa miaka mitano, asiingie mtu. Kwa karatasi lilikuwa pendekezo safi.

Mama mmoja mtu mzima aliomba kusema. Alijifunga leso yake vizuri, akanitazama mimi, si mwenyekiti. "Mwanangu, mimi hubeba mzigo mmoja wa kichwa, wa kuni zilizokufa. Usiku hupita lori lenye magogo mabichi. Mkifunga njia, ni mimi nitakayefungiwa. Lori halisomi kibao."

Hakuna aliyeweza kumkanusha, kwa kuwa alama za magurudumu zilikuwa pale pale, na visiki vibichi kila mtu aliviona.

Nilikumbuka darsa la utotoni kuhusu malisho yaliyohifadhiwa, ambayo kwa Kiarabu huitwa himaa. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu hushirikiana. Na pamoja na hayo, maeneo fulani yalihifadhiwa kwa maslahi ya wote. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, kuwa mlinzi wa himaa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alimwonya aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, na akamwagiza awaruhusu wenye wanyama wachache waingie, lakini ajihadhari na mifugo ya matajiri, wakiwemo masahaba wakubwa kabisa. Tajiri akipoteza mifugo anayo mashamba ya kurejea. Maskini akipoteza wake atakuja mlangoni na watoto wake.

Nalieleza hilo kikaoni, pamoja na vipimo vyetu. Vipimo vilionyesha kuwa sehemu isiyoweza kuvumilia hata mguu wa mtu ni ukanda mwembamba unaoizunguka chemchemi. Kwingine kote, kuni zilizokufa zikiokotwa kwa kiasi, msitu waweza kustahimili. Mabishano yalikuwa marefu. Mwishowe ilikubaliwa kwamba ukanda wa chemchemi ufungwe kabisa. Kwingine wanawake waingie siku mbili kwa wiki, mzigo wa kichwa, bila shoka wala panga. Gari lolote lizuiwe. Na walinzi wateuliwe kutoka miongoni mwa wanawake wenyewe. Nasi tukaahidi kununua miche kutoka kitalu chao, na kuwapatia mivinje ya kupanda mashambani mwao ili baada ya miaka michache kuni ziwe karibu na nyumba.

Sitaki kuwapambia habari. Walinzi wawili wametishwa usiku na watu wa lori, na mmoja ameacha kazi kwa ajili ya watoto wake. Simlaumu hata kidogo. Mradi wetu una muda wa kumalizika, ilhali mbambakofi hauna haraka na kalenda ya mtu. Ndovu wamevunja sehemu ya miche. Kiangazi kilichopita kijito kilikonda lakini hakikukatika, na wanakijiji wakaja kunipongeza. Niliwaambia msimu mmoja si ushahidi. Tungoje na tuendelee kupima. Ninachoweza kusema kwa yakini ni kwamba ile pete ya chuma, tukiigongomea ndani ya ukanda uliofungwa, sasa maji yanazama upesi kuliko hapo awali, na kwamba mwenye kunipigia simu wa kwanza akisikia msumeno ni yule mama wa mzigo mmoja.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutakwenda Shimba kupanda mche. Lakini lori lile la usiku halibebi magogo kwa ajili ya wanakijiji. Linayaleta mjini, kwa mnunuzi asiyeuliza. Unapotengeneza mlango, kitanda au kabati, muulize fundi mbao imetoka wapi na ana kibali gani. Unaponunua gunia la mkaa, uliza vivyo hivyo. Jibu likiwa ni kicheko, nenda kwa mwingine. Nyumbani, tuwafundishe watoto kutawadha kwa maji yaliyopimwa ndani ya kata au birika badala ya mfereji uliofunguliwa mpaka mwisho. Mtume wetu alitawadha kwa maji machache mno, na sisi hatuna haja ya zaidi. Na mikutano ya hadhara inapoitishwa kuhusu ardhi ya umma, akina mama msiwaachie wengine viti. Kama yule mama angebaki nyumbani siku ile, bonde lingefungwa kwa ajili yake na kuachwa wazi kwa lori.

Kila anayefungua mfereji alfajiri na kupata maji ya udhu ana deni kwa msitu asioujua na kwa watu wasiojulikana wanaoulinda. Tuwaombee, na tusiwe wanunuzi wa kile wanachokilinda.

Wabillahi tawfiq.