Pale Dari Inapokutana na Ukuta

Nyumba za kwetu Lusu, wilayani Nzega mkoani Tabora, hazimaliziki kwa mwaka mmoja. Msimu huu mtu anafyatua na kuchoma tofali, msimu ujao akishauza mpunga anapandisha boma, halafu anajikusanya tena kwa ajili ya bati. Akishaezeka anahamia. Ndiyo maana kwetu dari hutangulia lipu. Bati la Oktoba linaunguza, popo wanaingia, vumbi linashuka juu ya chakula. Ukuta wa tofali tupu haumnyimi mtu usingizi. Nimekulia katika nyumba za namna hiyo, na mjomba wangu alikuwa fundi mwashi. Nilimbebea ndoo, nikamshikia pima maji, nikajifunza kuitazama nyumba kuanzia juu, pale pembeni ambapo dari inakutana na ukuta.

Bibi yetu alizaliwa katika tembe. Paa la tembe ni bapa: boriti juu ya kuta, fito juu ya boriti, kisha nyasi na udongo ulioshindiliwa. Ndani, ukuta na dari vilikandikwa kwa udongo uleule, kwa mkono uleule, wala hapakuwa na mstari wa kuvitenganisha. Ufa ukitokea, mwenye nyumba alikanda udongo akauziba kabla ya mvua. Nyumba za jinsi hiyo ndizo zilizopokea misafara ya zamani katika Unyamwezi. Tembe ya Kwihara, nje ya mji wa Tabora, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, leo ni makumbusho.  Tembe zilijengwa na watu walioijua ardhi yao.

Kisha ukaja wakati wa vijiji vya Ujamaa, miaka ya 1970, watu wakahamishwa, wakajenga nyumba za safu zenye paa la mgongo. Paa likaachana na ukuta, na kati yake pakabaki uwazi wa kupita upepo na panya. Utotoni mwangu dari ilikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja, yakavutwa chini ya kenchi na kupakwa chokaa. Pembeni yalishikwa kwa misumari iliyovalishwa vizibo vya soda ili vichwa vyake visichane gunia. Misumari hiyo ilipigwa kwenye ukuta wa udongo. Masika mawili yakipita udongo ulimegeka, gunia likaning'inia, na mama akasimama juu ya kigoda kulirudisha.

Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulipofunguliwa pale Lusu mwishoni mwa miaka ya 1990, wapangaji wenye mshahara walianza kuuliza kuhusu dari kabla ya kuuliza kodi. Wenye nyumba wakanunua siling bodi, wakaziba pembeni kwa fito nyembamba za mbao. Mgodi ulifungwa baada ya miaka kama 15, lakini hamu ya dari ilibaki. Siku hizi ni jipsamu. Unga wake unatokana na madini yanayochimbwa hapa hapa nchini, Itigi na Makanya. Mafundi wanauchanganya na katani, wanaumimina kwenye kalibu, wanapata mikanda yenye maua ya kuzungushia chumba.

Na hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Mkanda unataka ukuta ulionyooka, nao ukuta wenyewe bado ni tofali za kuchoma zenye mabonde na vilima. Nimeona mikanda ikibandikwa moja kwa moja juu ya tofali. Mwenye nyumba akipata fedha miaka kadhaa baadaye, lipu yenye unene wa sentimita moja na nusu, penye bonde hata tatu, inapanda na kuumeza mkanda nusu. Maua yanazama, chumba kinaonekana kimekabwa shingo. Wengine wanaubomoa mkanda na kuununua upya, na fedha ya mpunga inalipwa mara mbili kwa kazi moja.

Mjomba hakukubali hivyo. Alimwambia mteja: “Mzee, kama huna lipu ya ukuta mzima, nipe mfuko mmoja wa saruji nipige ukanda wa juu tu.” Alifunga kamba chumba kizima, akatafuta tofali lililojitokeza zaidi, na kulifanya kipimo. Kisha akapiga lipu ya kiasi cha shibiri moja chini ya dari, kwa unene uleule ambao ukuta mzima utakuja kuwa nao. Ukingo wa chini hakuusawazisha. Aliuacha ukiwa na mikwaruzo ili lipu ya baadaye ishike. Mkanda ulikaa juu ya ukanda huo.

Penye mteja asiyeweza hata mfuko huo, hakubandika mkanda kabisa. Bodi aliikatisha kabla ya kugusa tofali, akaacha mfereji mwembamba ulionyooka. Alikuwa na sababu mbili. Nyumba nyingi za kwetu zimesimama juu ya udongo wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ukuta unacheza, mbao za dari nazo zinacheza kivyake, na pasipo nafasi ufa hujichagulia njia. Tena mchwa wa Tabora hupanda ukutani kwa vichuguu vya udongo kutafuta kenchi. Pembe iliyo wazi inawafichua mapema. Mkanda uliobandikwa ovyo unawaficha mpaka mbao iwe unga.

Leo mafundi vijana wa Nzega wana mashine za kukatia na picha za mitindo kwenye simu. Mikono yao ni myepesi na kazi yao inang'aa. Ninachowaomba ni kumkumbuka fundi atakayekuja baada yao, na mwenye nyumba anayejenga kidogo kidogo. Nawe unayejenga, kabla hujalipia bodi moja ya jipsamu, mwambie fundi wako achore ukutani mahali uso wa lipu utakapofika. Mstari huo hauna gharama, nao utakuokolea mikanda ya nyumba nzima.